Mkuki kwa nguruwe: wamemlilia mtu wa udongo mmoja, kisha wakavunja arobaini. Naombeni ushauri

Msimulizi_Mchovu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, si mwandishi, ila leo imebidi. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Naendesha mchezo wa mezani wa njozi, ule wa dadu na karatasi za wahusika, nina wachezaji watano. Mwaka na nusu sasa, tunakutana kila baada ya wiki mbili. Katika vikao vya mwanzo kabisa waliokota mabaki ya mtu wa udongo ndani ya gofu, wakamuunga kwa lami na nyuzi za shaba, akaamka. Nilimweka pale kama pambo tu la chumba. Mmoja wao akauliza, "Anaongea?" Nikajibu ndiyo, hata sikufikiri. Jina walimpa wenyewe: Kigae.

Kigae akawa wetu. Hakujua kuhesabu kupita saba. Chochote kilichozidi hapo alikiita "nyingi". Aliogopa mvua kuliko mazimwi. Alikuwa na tabia ya kuwauliza wenye maduka kama vyungu vyao vimelala au vimekufa. Miezi miwili iliyopita alikufa akishikilia daraja ili wenzake wavuke. Meza nzima kimya. Mmoja, mtu mzima mwenye watoto, aliomba dakika tano akatoka nje, akarudi macho mekundu. Kikao kilichofuata chote kilikwenda kwenye mazishi. Dadu hazikurushwa hata mara moja.

Baada ya hapo wakaingia kwenye karakana ya mchawi aliyemfinyanga. Ndani kulikuwa na vinyago arobaini, udongo uleule, tanuri lilelile, muhuri uleule kwenye paji la uso. Vilikuwa vimesimama kwa mistari. Nikasema, "Rusheni dadu za zamu," yaani zile za kuamua nani aanze kupiga vita vikianza, na kwa muda wa saa moja hivi vilivunjwa vyote. Walicheka sana. Mmoja alikuwa anahesabu kwa sauti ya Kigae: "Tano, sita, saba, nyingi!" Kisha wakabandua mihuri yote arobaini wakatia mfukoni ili wakaiuze.

Dada mmoja, ndiye yule aliyeuliza siku ile kama Kigae anaongea, hakurusha dadu. Alisema mara moja tu, "Hawa si ndugu zake?" Wakamjibu, "Hivi ni vitu. Yule alikuwa mtu." Alikaa hadi mwisho, akaaga vizuri, na vikao viwili sasa hajaonekana. Nikimtumia ujumbe anajibu "sawa".

Ninachoomba ni hiki. Niwaadhibu ndani ya hadithi? Nina mpango mzimu wa Kigae uwatokee usiku uwashtaki mmoja mmoja. Pili, dada yule nimrudisheje mezani? Tatu, kinachonisumbua zaidi: hawa ni watu wazuri, nawajua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, methali naijua, lakini inakuwaje mtu huyohuyo alie Jumamosi hii na acheke Jumamosi ile, kwa udongo mmoja?

Nawasilisha.

Dadu_Sita

Mleta uzi, unajitafutia presha. Adui ni adui. Ukianza kuuliza kila mifupa inayotembea kama ina mama, kikao kitaisha hamjatoka mlangoni.

Swali moja tu. Vilishambulia, au vilisimama? Umeandika vimesimama kwa mistari.

Msimulizi_Mchovu

Vilisimama. Viliinua mikono baada ya kupigwa cha kwanza. Kusema kweli sikuwa nimeandika vinafanya nini. Nilikuwa na nukta za uhai na uzito wa ngumi, basi.

Kurasa_Njano

Mkuu, usiwalaumu sana, wamelelewa hivyo na vitabu vya sheria. Mimi ni mtu wa Dungeons & Dragons, mchezo wa tangu 1974, na toleo nililolala nalo mto mmoja ni 3.5, la mwaka 2003. Fungua kwenye golemu, yaani kiumbe wa kuundwa kwa uchawi kama Kigae wako. Pale pameelezwa bila kificho kwamba kinachompa uhai ni roho iliyotolewa katika ulimwengu wa asili ya ardhi, na kwamba wakati wa kumuunda roho hiyo inafungiwa ndani ya mwili wa bandia bila ridhaa yake, iwe chini ya amri ya muundaji. Bila ridhaa yake. Hilo sikuliongeza mimi, limo kitabuni. Na mchawi mwema akitaka kuunda golemu? Ruksa. Alete fedha, awe na kiwango cha uchawi kinachotakiwa, afanye kazi. Hakuna anayemwita mwovu.

Sasa nenda kwa mifupa. Mifupa inayotembea haina akili hata chembe, sheria zenyewe zinasema hivyo. Hakuna anayelia ndani yake. Lakini uchawi wa kuiamsha umepigwa chapa ya uovu. Halafu kuna kichekesho ambacho nimekibeba miaka yote: katika toleo la 2000 mifupa hiyo haikuwa na upande, si mizuri wala mibaya. Miaka mitatu baadaye, kwenye 3.5, ikaandikwa kuwa ni mibaya siku zote. Ilitenda kosa gani hapo katikati? Haina hata akili ya kutendea kosa.

Na kwa golemu wa udongo, yaani wa kwako kabisa, kuna kanuni moja ambayo watu wengi huipita haraka. Akiwa vitani, kila mzunguko nafasi inapanda kwa asilimia 1 kwamba ile roho itajinasua, na ikijinasua anapandwa na kichaa na hakuna njia ya kumtuliza tena. Soma taratibu. Mfungwa kakata kamba, kitabu kinamwita kichaa.

Ulimwengu wa Eberron, wa mchezo huohuo, uliotoka 2004, ulijaribu kunyoosha mambo. Kule kuna askari wa kuundwa kwa mbao, mawe na chuma, waliotengenezwa kwa ajili ya vita virefu. Vita vilipoisha mkataba wa amani ukawatambua kuwa ni watu huru, si mali ya aliyewaunda. Vizuri sana. Mkataba huohuo ukapiga marufuku kuunda wengine. Kwa maneno mengine: karibuni kwenye utu, na mlango tunaufunga nyuma yenu. Na bado huo ndio ulimwengu ulio na haki kuliko mingi.

Pedi_Mkononi

Kwenye gemu za runinga ni yaleyale, na mimi mwenyewe nimo.

Baldur's Gate 3 ya 2023. Kuna Astarion, amegeuzwa vampaya, mnyonya damu, na kutumikishwa na bwana wake miaka 200. Nilikaa naye masaa kwa masaa. Nilisikiliza habari za makovu yake mgongoni, nilimtetea kwa kila mtu, nilimpa shingo yangu usiku mmoja kwa sababu aliomba kwa adabu. Kisha tukafika kwenye kasri la bwana wake, na chini yake wamefungwa wengine kama yeye, 7,000, baadhi yao wakiwa wamenaswa na Astarion mwenyewe alipokuwa akitumwa kama chambo. Mchezo unakuuliza: waachiwe au wafe?

Nilichagua kwa muda ule mtu anaotumia kuchagua viatu. Astarion nilimpa masaa ishirini. Wale nadhani niliwapa sekunde kumi. Sitasema nilichagua nini.

Gemu moja ninayoiona ililitazama jambo hili usoni ni Final Fantasy IX, ya mwaka 2000. Vivi, mchawi mdogo mwenye kofia kubwa, anakuta wenzake wakiundwa kama bidhaa chini ya kijiji, wanapakiwa kwenda vitani. Baadaye anafika kijiji cha waliotoroka, na pale anajifunza kwamba wao hukoma ghafla, wengi baada ya mwaka mmoja hivi. Wenyewe wanasema mwenzao "ameacha kusogea", kwa kuwa hakuna aliyewafundisha neno kufa. Niliposoma hivyo nilizima mashine nikaenda kulala. Lakini wale wanaotumwa vitani, wasio na neno la kusema? Tunawapiga kama kawaida na kuokota walichoangusha.

Mpita_Njia_Tu

Watu wazima mnalilia udongo. Dunia imeisha.

Kitenzi_Kikuu

Mleta uzi, nimesoma chapisho lako mara tatu. Si kwa ubaya, ni ugonjwa wa kazi yangu.

Kigae: "akaamka", "aliogopa", "alikufa akishikilia daraja". Neno kigae liko pamoja na kikombe na kiatu, lakini wewe umempa A-, na hakuna msomaji aliyestuka. Wale arobaini: "vilisimama", "vilivunjwa", na Dadu_Sita alipokuuliza ukajibu "viliinua mikono". Mkuu, kinachoinua mikono kujikinga unakipatanisha kwa VI-?

Hukumu ilishatoka kabla dadu hazijatoka mfukoni. Ulikuwa umeshaitoa kwenye kiambishi. Wachezaji wako walisikia vi-, wakapiga vi-. Umeuliza inakuwaje mtu alie leo acheke kesho kwa udongo uleule. Kwenye masikio yao haukuwa uleule. Wewe uliugawa.

Na mtu mmoja mezani aliusikia mgawo huo akaukataa. Umenukuu maneno yake bila kuyaona: "Hawa si ndugu zake?" Hawa. Waliomjibu wakamsahihisha: "Hivi ni vitu." Ule haukuwa ubishi wa ushujaa na huruma tu. Walikuwa wanabishana ngeli.

Nyongeza, halafu ninyamaze. Sisi tuna neno kiumbe, na kiumbe ni kilichoumbwa. Mimi kiumbe, wewe kiumbe, kunguru kiumbe. Kwa hiyo ukiniambia huyu si mtu kwa sababu ametengenezwa, nakuuliza: na mimi je? Tofauti iliyobaki ni kati ya kuumba na kuunda, herufi mbili, na nani alikuwa na udongo mikononi.

Dadu_Sita

Mwalimu, hapo umevuta kamba. Kiambishi hakina dhamira. Mitume wako kwenye mi- pamoja na mikeka na miti. Vipofu, vijana, viongozi, wote vi-. Mbona hakuna aliyesema si watu?

Kitenzi_Kikuu

Swali zuri, ndiyo maana sikugusa nomino. Nomino ni nguo ya kurithi, haina hoja. Hoja iko kwenye upatanisho. Mitume walisema, hakuna aliyewahi kuandika mitume ilisema. Viongozi walikuja, si vilikuja, labda ukiwa na hasira nao.

Ukitaka mfano mgumu chukua msukule. Wingi ni misukule, si wasukule. Wasikilize watu wanavyoendelea baada ya neno hilo: mmoja atasema "msukule ulionekana", mwingine "msukule alionekana". Aliyesema alionekana bado anatafuta ndugu yake.

Dadu_Sita

Haya. Nimekaa chini.

Msimulizi_Mchovu

Kitenzi_Kikuu, umenikosesha usingizi. Usiku nimefungua daftari langu la maandalizi la mwaka na nusu uliopita, nikaenda ukurasa wa gofu. Nanakili nilivyoandika: "Chumba cha tatu. Kinyago cha udongo, kimevunjika, hakina thamani."

Kimevunjika. Hakina. Yaani hata Kigae alianza huko. Ukurasa unaofuata, tarehe ya baada ya kikao, nimeandika "Kigae anapenda kuuliza vyungu". Katikati ya kurasa hizo mbili hakuna kilichobadilika kwenye udongo. Kuna mtu mmoja aliuliza "Anaongea?" Na hata yeye, angalieni, aliuliza kwa A-.

Hadithi_Za_Kale

Hilo swali la "anaongea" lina mvi kuliko michezo yote. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, kwenye sehemu ya Sanhedrini, kuna kisa kifupi mno: Rava alimuumba mtu, akamtuma kwa Rabi Zeira. Zeira akamsemesha, hakujibu. Akamwambia, wewe umetoka kwa wenzetu, rudi mavumbini mwako. Kimekwisha. Hakuna maelezo ya yule mtu alikuwa na sura gani, alikuja na ujumbe gani, alitembea mwendo gani njiani. Aliitwa, akakosa ulimi, akarudishwa.

Karne nyingi baadaye Rabi Zvi Ashkenazi, aliyefariki 1718, alilishika swali ambalo linaonekana la utani lakini yeye hakulifanyia utani: mtu wa namna hiyo, aliyeundwa, anaweza kuhesabiwa katika wale kumi wanaohitajika kwa ibada? Njia aliyopita kulijibu ndiyo iliyonivutia. Alisema, angekuwa na faida hata hiyo ya kukamilisha kumi, Rabi Zeira asingemwondoa duniani. Kwa kuwa alimwondoa, basi hakuwa wa kuhesabiwa. Mimi si mtu wa fani hiyo, na hoja za wanazuoni zina kina chake, siingilii. Ila nikisoma kama msomaji wa visa, naona duara: hakuhesabiwa kwa sababu alivunjwa, na alivunjwa kwa sababu hakuwa wa kuhesabiwa. Nikakumbuka Kigae wako anayeishia saba.

Na muhuri wa paji la uso, sijui kama uliokota huko kwa kujua. Katika baadhi ya masimulizi ya golemu, kwenye paji huandikwa neno la Kiebrania emet, ukweli. Ukifuta herufi ya kwanza linabaki met, amekufa. Wachezaji wako walibandua arobaini wakatia mfukoni.

Swali langu kwako: wale arobaini walikuwa na midomo?

Msimulizi_Mchovu

Hawakuwa nayo. Niliwachora mwenyewe kwenye ramani. Macho ndiyo, midomo hapana. Niliona wanatisha zaidi hivyo.

(Naona nimeandika "hawakuwa". Sawa.)

Mama_Kete

Nimewaacha msemezane, sasa nipisheni. Nimeendesha meza tangu baadhi yenu hamjazaliwa, na uzi huu una kitu kimoja cha haraka na vingine vyote ni vya baadaye.

Cha haraka ni dada yule. Mpigie simu, mwanangu. Usimtumie ujumbe, na usimrudishie haki yake kwa njia ya hadithi, eti aje akute umeweka sanamu ya ukumbusho. Mpigie, na usijieleze. Muulize aliona nini. Ukishaanza "mimi nilikuwa nimepanga kwamba", umeshampoteza. Alisema neno moja mezani, wanne wakamzima, na wewe mwenye kiti ukaendelea kusoma dadu. Hilo ndilo la kuombea radhi.

Kuhusu mzimu wa Kigae: acha. Tafadhali acha. Kwanza utakuwa umemfanya yule marehemu fimbo yako. Mtu aliyeogopa mvua leo umpe kazi ya kutisha watu usiku? Pili, utawaadhibu kwa kufanya ulichowaambia wafanye. Wewe ndiye uliyesema rusheni dadu za zamu. Mchezaji akisikia maneno hayo anashika upanga kama mtoto anavyoshika kijiko. Kaa nao nje ya mchezo, dakika kumi, uwaambie: niliwaandika vibaya wale, na mimi ndiye niliyewaandika. Watu wazuri wataelewa. Huyo wa macho mekundu ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Halafu kuna matokeo, na matokeo si adhabu. Wana mihuri arobaini ya kuuza. Nani atanunua? Mtu anayenunua mihuri arobaini ana miili arobaini mahali fulani inayosubiri, au anajua pa kuipata. Hapo una miezi mitatu ya hadithi na hujamnyooshea mtu kidole.

Na jifunze kuweka shahidi. Katika gemu ya Dragon Age: Origins ya 2009 kuna ile fuawe ya kuundia golemu. Ilifanya kazi kwa kutumia watu hai: mwanzo waliojitolea, kisha wasio na tabaka na wahalifu wakaingizwa kwa nguvu. Aliyeibuni alipopinga, naye akageuzwa. Unapewa kuamua: ivunjwe, au ihifadhiwe upate jeshi la mawe kwa ajili ya vita vinavyokuja. Hesabu ya kivita ni tamu, nakiri. Lakini kama umeongozana na Shale, ambaye ni golemu na anaongea, na ukachagua kuihifadhi, Shale anakugeukia. Kuna mtu chumbani anayekatalia wasioweza kukataa. Mezani kwako shahidi alikuwepo. Alikuwa mchezaji, na hukumpa zamu.

Dadu_Sita

Mama_Kete nakuunga mkono, ila naomba nibaki na msimamo wangu kwa nusu. Meza nyingine nilizoziona ziliingia kwenye wema huu mpaka zikafa. Kila panya ana jina, kila upanga unaombewa msamaha, miezi mitano hakuna kilichotokea. Watu wanakuja kucheza, na kuvunja ni sehemu ya kucheza.

Kwa hiyo mimi naona suluhisho ni la mwandishi. Unataka kitu cha kuvunjwa? Andika mtego. Andika mlango, gurudumu lenye visu, dari inayoshuka. Usitengeneze kitu chenye macho, mikono na safu, halafu uwashangae watu. Kama wale arobaini hawana kitu ndani, waambie mapema na uonyeshe: mmoja anazunguka akigonga ukuta uleule, kapasuka kifua na ndani kuna nyasi kavu. Kama wana kitu ndani, kiwepo kwa wote, si kwa yule mliyemkuta kwanza. Kinachokera ni ile ya kati, ambapo mwandishi mwenyewe hajui, anasubiri kuona nani atapendwa.

Kurasa_Njano

Dadu_Sita leo umekula nini? Umenena.

Pedi_Mkononi

Mimi sikubali kabisa. Ukiwaambia mapema "hawa hawana kitu ndani", ndivyo kila bwana wa karakana alivyowaambia wateja wake. Nani kafungua wote arobaini akaangalia? Bora mwandishi asijue na aseme hajui, wachezaji wabebe mzigo wa kutojua.

Dadu_Sita

Basi utacheza na watu wawili, wewe na mashaka yako.

Msimulizi_Mchovu

Wakuu, naleta mrejesho.

Nimempigia. Tumeongea karibu saa moja. Hakukasirishwa na kuvunjwa, hilo ndilo lililonishangaza. Amesema vita anavielewa, yeye mwenyewe kavunja vingi mezani kwangu. Amenikumbusha kitu nilichokisahau kabisa: wakati wenzake wanapanga dadu aliniinamia akaniuliza pembeni, "Wana majina?" Nikamjibu "hapana" huku natafuta penseli. Amesema angeelewa ningemwambia sijui. Angeelewa hata ningesema yapo ila hawawezi kuyatamka. Ila "hapana" ile ilitoka haraka mno, na siku ile ya kwanza "ndiyo" ilitoka haraka vilevile, na akaona kwamba kwangu yote mawili yana uzito mmoja. Akasema ndipo alipomwona Kigae akifa mara ya pili.

Sikujieleza, Mama_Kete. Nilijitahidi. Mara moja nilianza "mimi nilikuwa", nikameza.

Wengine wanne nimewaambia pia, nje ya mchezo kama ulivyosema. Wawili wamekubali papo hapo. Mmoja kasema nimezidisha, ni udongo, na ana haki ya kusema hivyo. Wa macho mekundu hakusema kitu, ila baadaye nimepitia karatasi ya mhusika wake kwa sababu yeye ndiye mwenye mfuko. Mihuri arobaini ilikuwa imeandikwa chini ya "vitu vya kuuza". Ameikata kwa mstari na kuihamishia chini ya "vya kurudisha". Kwa nani, hajaandika.

Dada anarudi Jumamosi. Ana ombi moja. Hataki tena mhusika wake wa zamani, mpiga upinde. Anataka kucheza mmoja wa wale. Nimemwambia wote arobaini wamevunjika. Akasema, "Tanuri uliliangalia?" Sikuwa nimeliangalia. Kwa hiyo yumo mmoja, wa arobaini na moja, alikuwa bado hajachomwa siku wenzake wanavunjwa. Mbichi. Alisikia kila kitu kupitia mlango wa tanuri.

Nina swali dogo la mwisho kwa wataalamu. Je, nimpe mdomo?

Hadithi_Za_Kale

Usimpe. Mpe udongo mbichi usoni, achore mwenyewe akitaka. Asipotaka, wajifunze kumsikia.

Mama_Kete

Hilo.

Dadu_Sita

Na akija Jumamosi wale wengine wasimrukie na dadu za zamu. Wewe mkuu usizitamke, hata kwa bahati mbaya.

Kitenzi_Kikuu

Mleta uzi, udadisi tu. Kwenye daftari, ukurasa wa tanuri, umeandikaje safari hii?

Msimulizi_Mchovu

Nimeandika: "Chumba cha mwisho. Ndani ya tanuri, gizani, ....lifumbua macho." Hapo mbele ya kitenzi nimeacha nafasi. Atajaza mwenyewe.